Akiba ya Chakula na Ufunguo wa Ghala

Liko swali ambalo Wakristo wengi huuliza, wengine kwa sauti, wengine moyoni tu: Je, yafaa mtu amwaminiye Mungu aweke akiba ya chakula nyumbani mwake kwa ajili ya siku ya shida? Wako wasemao kwamba akiba ni dalili ya imani haba, maana tumefundishwa kuomba mkate wa leo, wala si mkate wa mwezi ujao. Wako wengine wasemao kwamba asiyeweka akiba ni mzembe, tena ni mzigo kwa jirani zake. Na wako wa tatu, ambao neno lao ni zito kuliko yote. Hao husema: Mtu awezaje kujaza kabati lake, hali mtoto wa nyumba ya pili alala na njaa? Yafaa tuyapime maneno haya, tusiyaache yakashindana mioyoni mwetu pasipo mwamuzi.

Swali hili si la mchezo kwetu sisi tukaao milimani. Mtu wa Kwamkoro aishi kati ya chai na msitu. Mvua ya Usambara Mashariki ni nyingi, karibu milimita 2000 kwa mwaka, nayo ni baraka ya migomba, iliki na mdalasini wetu. Walakini mvua hiyo hiyo huigeuza njia ya kutelemkia Muheza kuwa utelezi na matope, na gari la unga likikawia, bei dukani hupanda upesi. Wengi wetu hula mahindi yaliyolimwa tambarare. Mchuma chai hulipwa kwa uzani wa majani aliyochuma. Siku asiyochuma, kwa ugonjwa au kwa sababu nyingine, hana ujira. Basi nyumba ya namna hii yaweza kuwa na amani Jumatatu na kuwa na njaa Ijumaa, pasipo ukame wala nzige.

Wahenga walisema, Akiba haiozi. Walinena kweli juu ya mahindi yaliyowekwa darini, mahali moshi wa mafiga uwafukuzapo wadudu. Walinena kweli juu ya ndizi zilizokatwa vipande, zikaanikwa juani na kutwangwa kuwa unga, na juu ya muhogo ulioachwa ardhini ukimngoja mwenyewe. Lakini neno hilo halikufaa kwa maziwa. Maziwa hayakumngoja mtu. Mwenye ng'ombe aliyekama alfajiri alijua ya kuwa jioni maziwa yatakuwa yamebadilika. Aliweza kuyagandisha, au kupiga siagi akapata samli, lakini maziwa mabichi ilimpasa ayanywe au ayatoe. Kwa hiyo mtoto wa jirani alipewa kikombe, wala haikuhesabiwa kuwa sadaka kubwa. Ndivyo uharibifu wa maziwa ulivyokuwa mwalimu wa ukarimu. Hufanana na ile mana ya jangwani: mtu alipoificha mpaka asubuhi pasipo kuagizwa, iliingia mabuu ikanuka, na mwenye kuficha akaaibika mbele ya wenzake.

Siku hizi mwalimu huyo ameondoka. Yako maziwa ya pakiti yadumuyo muda mrefu. Kiwandani hutiwa joto la nyuzi 135 au zaidi kwa sekunde chache tu, kisha hupozwa na kutiwa katika pakiti iliyotakaswa, iliyotengenezwa kwa tabaka za karatasi, plastiki na bati jembamba la alumini, hata mwanga na hewa visipite. Pakiti za maziwa za namna hii zilianza kutumika Uswisi mwaka 1961, na leo zimo katika maduka ya vijiji vyetu. Isipofunguliwa, pakiti yaweza kukaa miezi 6 au zaidi pasipo barafu wala umeme. Hii ni neema kubwa kwa mgonjwa na kwa mtoto mkubwa, wakati njia ikatikapo. Lakini yatupasa kuona jambo moja: hata maziwa sasa yaweza kufichwa. Jaribu lililokuwa la mwenye nafaka tu limefika kwa mwenye maziwa pia. Ndiyo maana swali la akiba linatudai jibu kuliko lilivyowadai babu zetu.

Na tuanze na neno la kwanza, la imani. Hakuna mkulima Mkristo aliyelaumiwa kwa kutunza mbegu. Kila mwaka huchagua magunzi mazuri, huyaweka mbali na mikono ya watoto, hata kama nyumbani chakula ni kidogo. Je, hamwamini Mungu? La, amwamini kabisa, maana asiyetumaini kwamba mvua itarudi hatunzi mbegu; huila. Tena tuisome habari ya mana mpaka mwisho. Siku ya sita watu waliamriwa kukusanya maradufu kwa ajili ya Sabato, na ile iliyowekwa siku hiyo haikuoza. Hata walipofika nchi ya kulimika na kula mazao yake, mana ikakoma. Basi Mungu hakukataza kuweka. Alikataza kuweka kwa hofu na kwa kutosikia. Yule tajiri wa mfano wa Bwana wetu, aliyetaka kuvunja ghala zake na kujenga kubwa zaidi, hakuitwa mpumbavu kwa sababu alikuwa na ghala. Yasikilizeni mashauri yake: ashauriana na nafsi yake, aiahidi nafsi yake, aifurahisha nafsi yake. Katika hesabu yake yote hamna mtu wa pili.

Neno la pili lasema kwamba kuweka akiba ni wajibu. Nalo ni kweli, lakini lina mpaka wake, na mpaka huo ni wakati. Mtu anunuaye gunia wakati wa mavuno, soko likiwa limejaa, hamnyang'anyi mtu; tena siku ya shida ikija, yeye hatasimama katika msururu wa dukani, na kile ambacho angelinunua kitabaki kwa mwenye kuhitaji. Akiba yake, hata kabla hajatoa kibaba kimoja, imekwisha kumsaidia jirani. Lakini mtu yule yule akingoja mpaka uvumi wa shida umesikika, kisha akimbilie dukani na kuchukua pakiti zote, ametenda jambo lingine kabisa, ingawa chakula ni kile kile na kabati ni lile lile. Dunia iliona jambo hilo mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea: katika nchi nyingi zenye mali watu walizikomba rafu za maduka kwa siku chache, na wazee na maskini waliochelewa wakakuta patupu. Martin Luther aliandika juu ya biashara mwaka 1524, akawakemea wafanya biashara wanunuao kitu chote kilichopo sokoni ili wapate kupandisha bei wapendavyo. Hakuwakemea wenye kujitunza. Aliwakemea wenye kuifanya haja ya mwenzao kuwa shamba lao la kuvuna. Na leo huko Ujerumani, walikotoka wamisionari wa Bethel waliofungua kituo cha Mlalo mwaka 1891, serikali huwashauri watu wote wawe na chakula na maji nyumbani ya siku kadhaa, hata 10, nao huambiwa wakusanye kidogo kidogo wakati wa utulivu, wasingoje msiba. Shauri hilo ni jema hata kwetu.

Sasa tulifikie neno la tatu, ndugu, maana hapa ndipo pagumu. Tumezoea kumsifu Yusufu, mwana wa Yakobo, aliyeweka sehemu ya tano ya mazao ya Misri katika miaka 7 ya shibe, akaokoa watu katika miaka 7 ya njaa. Ni haki kumsifu. Lakini mara nyingi tunapofundisha hukomea pale ndugu zake wanapompata na kulia shingoni mwake. Tusome mbele kidogo. Wamisri walikuja kununua nafaka kwa fedha, fedha ikaisha. Wakaleta wanyama wao, wanyama wakaisha. Mwisho wakajitoa wao wenyewe na mashamba yao, wakawa watumwa wa Farao kwa ajili ya chakula. Ardhi ya makuhani peke yake haikununuliwa, kwa sababu wao walikuwa na posho yao kwa Farao. Ghala lile lile lililookoa uhai liliondoa uhuru. Na vizazi vichache baadaye, wana wa Israeli wenyewe walikuwa wakifinyanga matofali katika nchi hiyo, chini ya Farao mwingine.

Je, hayo ni ya Misri tu? Katika njaa za karne ya 19, katika Uzigua na nchi zilizo jirani yake, jamaa walioishiwa walimpeleka mtoto au ndugu kwa mwenye chakula, wakamweka rehani. Walinuia kumkomboa baada ya mavuno. Wako waliokombolewa, na wako waliouzwa pwani, wasionekane tena. Kisha zikaja tauni ya ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1890, nzige mwaka 1894, na ukame wa 1898 mpaka 1900, na kila msiba ulimfanya mwenye ghala kuwa bwana na asiye nalo kuwa mtu wa kuomba. Wala rehani haijaisha, ila imebadili nguo. Mtu auzapo mahindi yakali mabichi shambani kwa nusu ya bei, kwa kuwa watoto wana njaa mwezi wa tatu, ameweka jasho lake rehani. Mama achukuapo unga dukani kwa daftari, akaambiwa atalipa iliki yote atakayovuna, ameweka rehani mwaka wake ujao. Mwenye ghala siku ya njaa hana chakula tu mkononi mwake, ana watu.

Basi nadhani hapa ndipo tulipokuwa tukikosea kuuliza. Tuliuliza, Je, ni halali kuweka akiba? Yatupasa kuuliza, Ufunguo wa ghala u mkononi mwa nani, na yeye atadai nini siku mlango utakapogongwa? Wazee wa Kishambaa walikuwa na maneno mawili juu ya mfalme: aliweza kuzifya shi, ndiyo kuiponya nchi, au kubana shi, ndiyo kuiharibu. Hawakusema kwamba nguvu yenyewe ni mbaya. Nguvu moja iliweza kuleta shibe au njaa, kwa kadiri ya mwenye nayo alivyopatana au kushindana na watu. Nasi, pasipo kushika imani yao juu ya mvua, twaweza kujifunza jambo katika maneno hayo: nguvu ya chakula ni ile ile moja, nayo huponya au huharibu.

Lakini msomaji mwenye busara ataniuliza: Nina akiba ya siku 10 kwa nyumba yangu, na jirani zangu hawana kitu. Nifanyeje? Tufanye hesabu kwa unyofu. Ukigawana na nyumba moja, mnazo siku 5. Ukigawana na nyumba nne, mnazo siku 2. Ukigawana na kijiji kizima, mmekula mara moja, na kesho wote mna njaa. Nisiwadanganye kwamba huruma hufuta hesabu hii. Mjane wa Sarepta alipewa muujiza baada ya kutoa unga wake wa mwisho, lakini hakuna mchungaji awezaye kumwahidi mama yeyote kwamba chungu chake nacho hakitaisha. Wengine huitoa habari ya wanawali watano wenye busara, waliokataa kugawa mafuta yao, nao husema kwamba hapo pana ruhusa ya kufunga mlango. Sivyo. Mfano ule wahusu moyo kuwa tayari kumlaki Bwana, na utayari haukopesheki. Unga wakopesheka.

Hesabu ile yatufundisha neno lingine: siku mlango unapogongwa, wema umekwisha chelewa. Ukarimu wa kweli huanza miezi 6 kabla. Kama jirani yangu naye ana siku 5 darini, mimi na yeye hatutapimana kwa macho. Kwa hiyo mwenye uwezo asihesabu akiba yake kuwa imetimia mpaka amemsaidia mtu mmoja asiye nayo kuianza yake: mfuko mmoja, mche wa mgomba, mbegu ya muhogo, au kazi ya siku moja inayolipwa kwa nafaka wakati wa mavuno. Na wanafunzi wa Antiokia ndio kielelezo chetu. Waliposikia kwa Agabo ya kwamba njaa itakuja, hawakukimbia kila mtu kujaza nyumba yake; kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake aliazimu kuwapelekea ndugu wa Uyahudi, watu ambao wengi wao hawakuwajua kwa uso.

Kwa ajili ya hayo naweka mbele ya wazee wa makanisa na walimu wa vijijini mashauri manne.

Kwanza, akiba ya nyumba na iwe na kipimo. Mtu aseme mapema, Hii ni ya siku kadha wa kadha, na sehemu hii ni ya atakayebisha hodi. Akiba isiyo na kipimo haimtoshi mwenyewe hata ikijaza nyumba tatu, maana hofu haishibi. Lakini sehemu ya mgeni ikiwekwa tangu mwanzo, kuitoa hakutauma.

Pili, usharika uwe na ghala lake, hata likiwa dogo. Serikali ina Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ulioanzishwa mwaka 2008, nao hutunza nafaka ya nchi. Lakini ghala la nchi halikuwekwa kwa ajili ya kijiji kilichofungiwa na matope juma moja. Nafaka inunuliwe wakati wa mavuno. Ihesabiwe katika daftari mbele ya watu. Mlango uwe na kufuli mbili au tatu, na funguo zake zishikwe na watu mbalimbali, mmoja wao awe mwanamke, kwa sababu akina mama ndio waijuao njaa ya nyumba kwanza. Tena mchungaji asiwe na ufunguo wa peke yake. Tukumbuke kwamba makuhani wa Misri hawakupoteza shamba hata moja katika njaa ile.

Tatu, kinachotoka katika ghala hilo kisiwe na rehani. Awezaye kulipa alipe bei ya mavuno, si bei ya shida. Asiyeweza arudishe nafaka kwa nafaka atakapovuna. Asiyeweza kabisa, kama mjane mzee na mgonjwa, apewe, wala jina lake lisisomwe kanisani. Na yule mzembe je? Aonywe baada ya kula, si kabla, wala watoto wake wasiadhibiwe kwa ajili yake.

Nne, tutunze kwa maarifa, maana akiba mbaya huua. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 125 walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi yaliyowekwa na unyevu. Na mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, sumu hiyo iliua watu wapatao 20. Nchi ya ukungu kama yetu haina budi kuwa na hadhari kuu. Mahindi na yakaushwe juu ya turubai, si juu ya udongo. Twaa chupa kavu, tia punje na chumvi kavu kidogo, utikise: chumvi ikigandama kwenye chupa, mahindi ni mabichi bado. Punje zenye ukungu zisiliwe, wala asipewe kuku. Mifuko isiyopitisha hewa yafaa sana, kwa sababu wadudu huimaliza hewa iliyomo wakafa, hata yule dumuzi aliyetoka Amerika ya Kati akaenea kwetu kuanzia Tabora miaka ya 1980 ilipokuwa ikianza. Lakini mfuko huo haukaushi, nafaka iingie ikiwa kavu. Maziwa ya pakiti yasomwe tarehe. Ya zamani yanywewe kwanza, mapya yawekwe nyuma. Pakiti iliyovimba itupwe. Na iliyokwisha kufunguliwa ihesabiwe kama maziwa mabichi. Wala asidanganywe mama anyonyeshaye: mtoto aliye chini ya miezi 6 akiba yake ni ziwa la mama, wala maziwa ya ng'ombe si badala yake. Basi siku ya shida mama huyo apewe chakula mbele ya wengine.

Luther, alipoeleza mkate wa kila siku katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, hakuhesabu chakula na mavazi tu; alihesabu na majirani wema. Walimu wajua hayo, na watoto wa kipaimara huyasema kwa moyo. Maana yake ni kwamba jirani mwema ni sehemu ya chakula changu, nami ni sehemu ya chakula chake. Kabati lililojaa katikati ya majirani waliokasirika halina mkate wa kila siku ndani yake.

Basi, ndugu, wekeni akiba. Wekeni wakati wa shibe, wekeni kwa kipimo, wekeni pamoja. Na kila mmoja wetu atazamapo ufunguo wake jioni, ajiulize kama ni wa kufungia au wa kufungulia. Mungu, aliye mwenye mavuno yote, atupe macho ya kuiona haja ya jirani kabla hajaja kubisha hodi.